Suda Masaki na Kamiki Ryunosuke ni rika moja au siyo? Nimeweka dau na mdogo wangu

mtoto_wa_pasiansi

Wakuu habari za saa hizi, naombeni mnisaidie maana humu ndani hapakaliki. Mimi na mdogo wangu wa kike tumewekeana dau la kuku mzima wa kuchoma na chipsi zake, na yeye ndo kashika daftari, na mtu akianza kubishana na wewe huku kashika daftari ujue umekwisha.

Iko hivi. Juzi tulikuwa tunaangalia Godzilla Minus One kwenye laptopu, sauti tumeiacha ya Kijapani tunasoma maandishi ya chini, sasa pale Ginza baada ya ule mlipuko, mvua nyeusi inanyesha na yule rubani kapiga magoti anapiga ukelele, mdogo wangu akasema subiri, hii sauti naijua. Akarudisha nyuma. Akafumba macho akasikiliza tena. "Huyu ni Taki." Taki yupi? Taki wa Your Name, yule kijana wa Tokyo anayebadilishana mwili na msichana wa kijijini. Nikamwambia we acha uongo, huyu ni mtu na yule ni katuni. Tukaingia kutafuta, kumbe kweli bana, Kamiki Ryunosuke, mtu yule yule. Na siyo hiyo tu, lile toto linene la yule mchawi Yubaba kwenye Spirited Away nalo ni yeye, filamu inatoka 2001 alikuwa na miaka 8!

Basi tangu siku hiyo imekuwa ugonjwa, kila tukimwona Mjapani tunaulizana huyu kazaliwa lini, rika lake nani, anaigiza tu au anaimba pia, na majibu yote yanaingia daftarini kwa kalamu nyekundu.

Ugomvi umeanzia kwa Suda Masaki, yule aliyetia sauti ya lile lindege la kijivu lenye maneno mengi kwenye The Boy and the Heron. Suda kazaliwa 21/2/1993, Kamiki kazaliwa 19/5/1993. Mi nasema hao ni rika moja, wamepishana miezi mitatu, kuna nini hapo cha kubishana. Mdogo wangu anasema kwa Wajapani hao SIYO rika moja, Suda ni mkubwa wa Kamiki kwa mwaka mzima, eti kaona orodha yao Suda kawekwa na watu wa 1992. Mi nasema aliyeandika orodha alikuwa na usingizi.

Nani analipa kuku?

fundi_redio

Mdogo wako ndo analipa. 1993 ni 1993. Uzi ufungwe.

mswahili_wa_chiba

Fundi usimponze mwenzio. Mkuu wa Pasiansi andaa hela ya kuku, mdogo wako yuko sahihi kabisa na huyo aliyeandika orodha alikuwa macho.

Mi niko huku Japani mwaka wa nne sasa, na hili jambo nimelisota mpaka nimelizoea. Shule za huku mwaka unaanza mwezi wa nne. Mstari wa darasa unakatwa kuanzia tarehe 2 April mpaka tarehe 1 April ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Januari, Februari au Machi anasukumwa mbele, anasoma na waliozaliwa mwaka uliopita. Wanamwita hayaumare, yaani kama kusema kazaliwa kwa kuwahi. Suda wa Februari 1993 alistahili kuanza darasa la kwanza April 1999, pamoja na watoto wa 1992. Kamiki wa Mei 1993 zamu yake ikawa April 2000. Huku mtu akitaka kujua rika lako hakuulizi sana umezaliwa mwaka gani, anakuuliza gakunen, yaani ungekuwa darasa gani, na hilo neno wanaendelea nalo mpaka uzeeni, unakuta wazee wa miaka 70 wanaambiana aah kumbe tungekuwa darasa moja.

Sasa mtauliza inahusu nini. Inahusu lugha wakuu. Kwetu mtu akikuzidi mwaka mmoja humpi shikamoo, ukimpa atakuuliza unanizeesha kwa nini. Huku aliyekutangulia darasa moja tu ni senpai wako, unaongea naye kwa heshima, vitenzi vyenyewe vinabadilika mwishoni, na ukijisahau ukamwongelesha kama mshikaji wanasema umetumia tameguchi, maneno ya wa sawa na wewe, na uso wake utauona. Mwaka wangu wa kwanza kulikuwa na jamaa wawili kwenye timu yetu ya mpira ya jioni, mmoja kazaliwa mwisho wa mwezi wa tatu, mwingine katikati ya mwezi wa nne, mwaka huo huo, wamepishana wiki tatu. Yule wa mwezi wa nne ndo anakusanya mipira, ndo anabeba chupa za maji, na akimpita mwenzie lazima ainamishe kichwa. Wiki tatu tu! Mi nikadhani ana deni lake.

Kwa hiyo daftarini muandike hivi: Suda yuko darasa moja na Arimura Kasumi, yeye ni wa 13/2/1993, wamepishana siku 8, ndo maana wale wawili kwenye ile filamu ya mapenzi ya 2021, Hanataba, unawaona kabisa ni watu wa umri mmoja. Arimura naye ana kazi ya sauti, ndiye Marnie kwenye ile ya Ghibli, ile studio ya katuni, ya 2014.

Na kama mnataka kizunguzungu zaidi, kuna Okamoto Keito aliyekuwa kundi la waimbaji la Hey! Say! JUMP, yeye kazaliwa tarehe 1 April 1993. Tarehe MOJA. Mtu wa tarehe 1 anahesabiwa na darasa la juu, kwa hiyo Yamada Ryosuke wa kundi hilo hilo, wa 9/5/1993, kaachwa darasa zima kwa wiki tano na ushee. Mkiuliza kwa nini mstari haukai tarehe 1 yenyewe ni kwa sababu wana sheria ya kuhesabu umri ya mwaka 1902 ambayo mtu anatimiza mwaka usiku wa kuamkia siku yake ya kuzaliwa, yaani wa tarehe 1 April kisheria anatimiza miaka 6 tarehe 31 Machi ikiisha. Ndo hivyo, sheria ya 1902 bado inagawa madarasa ya watoto wa leo.

mtoto_wa_pasiansi

Duh. Mdogo wangu kasoma hii akiwa kasimama nyuma ya bega langu, kacheka mpaka simu imemdondoka, na kioo kimepata ufa, na hela ya kioo anataka iingie kwenye dau.

Sawa nakubali kwa Suda. Ila sijakata tamaa, maana kuna rufaa. Kamiki kaanza kazi ana miaka 2, matangazo ya biashara. Suda kaja kujulikana 2009 kwenye tamthilia ya Kamen Rider ana miaka 16. Sasa kwenye kazi nani mkubwa hapo? Kama ni kazi basi Kamiki ndo wa kuamkiwa na dau langu linafufuka.

Halafu swali la pili nje ya dau, hivi kwa nini Wajapani kwenye filamu kubwa za katuni wanaita waigizaji wa kawaida na waimbaji wakati wana watu maalumu wa kazi ya sauti? Au ni kubana matumizi?

msee_wa_likoni

Kubana matumizi wapi, hao maselebu ndo wa bei! Hebu niwaeleze juu hii kitu mimi huniuma roho.

Kule mtu wa sauti anaitwa seiyu na hiyo ni kazi ya kusomea. Mtu anaingia chuo cha sauti, anafunzwa kupumua, kuanguka, kulia huku anakula, akimaliza anapanga foleni ya kujaribiwa na wenzake mamia kwa jina moja tu la mhusika. Akibahatika analipwa kwa daraja, na wa daraja la chini kabisa anapata yeni 15,000 kwa episodi moja ya nusu saa, aseme maneno mia mbili ama aseme "ndiyo" mara moja ni pesa ile ile. Ndo maana wengi wao usiku wako dukani wanapanga rafu.

Na ile kazi yenyewe si mchezo. Ndani ya studio kuna maiki tatu ama nne hivi, waigizaji kumi ama ishirini wameketi ukutani, kila mtu na karatasi zake mkononi. Picha inapita kwa skrini, saa zingine hata haijamalizwa kuchorwa ni mistari ya penseli tu, sasa wewe unaamka bila kiti kulia, unaenda kwa maiki iliyo wazi, unasema yako, unarudi nyuma, mwenzako anachukua ile maiki, na hizo karatasi unazifungua bila mchakacho hata kidogo. Nguo za kusuguana huvai. Bangili huvai. Njaa ikipiga tumboni maiki inaisikia! Wote wanapishana pale kama watu wa daladala wa stendi moja na hakuna anayemgonga mwenzake.

Sasa sisi tumezoea DJ Afro, mtu mmoja anamaliza muvi nzima peke yake, baba, mama, polisi na mbwa, na sinema inanoga, so sisi hatushtuki. Lakini mimi nikishasikia seiyu kama Miyano Mamoru ndani ya katuni ya Death Note akicheka ile kicheko cha mwisho, halafu unaniwekea mwigizaji wa tamthilia anasoma laini kama anasoma bili ya stima, nasikia vibaya.

Miyazaki, yule dairekta wa Spirited Away, ndo kaanza kuizoesha watu. Yeye hapendi sana zile sauti za seiyu, anataka sauti ya mtu wa kawaida ambaye hajafunzwa kupendeza. Kimura Takuya wa kundi la waimbaji la SMAP akampa sauti ya Howl kwenye Howl's Moving Castle 2004. 2013 kwenye The Wind Rises akaenda mbali zaidi, mhusika mkuu akampa Anno Hideaki, ambaye si mwigizaji, ni dairekta mwenzake, mwenye katuni ya Evangelion! Nimeiona mara mbili na mara zote mbili ni kama fundi wa kiyoyozi amekuja kurekebisha akapewa maiki. Najua kuna watu watanirukia hapa.

bintimkunazini

Nakurukia mimi. Yule mhandisi ndani ya hadithi ni mtu aliyezama kwenye hesabu zake, hana habari na dunia, unataka aongee kama mtangazaji? Ile sauti kavu ndiyo yenyewe. Na Kamiki je, yeye si mwigizaji wa kawaida? Mbona humsemi?

Mimi nitasema lakini kuhusu hao seiyu unaowapenda, maana huu uzi umejaa watu wa 1993 kama vile kabla yao hakukuwa na mtu. Hirimu yangu ninayoifuatilia mimi ni ile ya darasa la 1979 kuingia 1980, na nimeihesabu vizuri kwa huo mstari wa tarehe 2 April, ndugu yangu wa Chiba nisahihishe. Kugimiya Rie, 30/5/1979, ndiye Alphonse wa Fullmetal Alchemist, mtoto aliyefungiwa ndani ya dude la chuma, na ndiye Kagura wa Gintama. Mizuki Nana, 21/1/1980. Nakamura Yuichi, 20/2/1980, ndiye Gojo wa Jujutsu Kaisen. Watatu hawa kwa huko ni darasa moja. Na Mizuki na Nakamura wote wametoka kisiwa kimoja cha Shikoku, yeye Ehime, mwenzake Kagawa, mikoa inayopakana.

Mizuki sasa, hebu nimseme kidogo. Baba yake alikuwa fundi wa meno ya bandia kule Niihama, akaanza kumfundisha binti kuimba enka tangu ana miaka 5. Enka ni nyimbo zao za watu wazima, za bandari na pombe na mapenzi yaliyopotea, na kuna ule mtikisiko wa sauti wanauita kobushi, sauti inakunjwa inakunjuliwa ndani ya neno moja, mtu aliyekulia kwenye taarabu haelezwi mara mbili. Mtoto akazunguka mashindano ya kuimba, akaletwa Tokyo shule ya Horikoshi, enka haikumlipa, akaangukia kazi ya sauti 1998. Sasa chekeni, katika wahusika wake wote watu wanamjua zaidi kwa Hinata wa Naruto, yule binti anayegugumia, hata salamu haitoki, anagusanisha vidole tu. Mwenye ile sauti ya kunong'ona ndiye aliyetoa albamu 2009 ikawa ya kwanza ya seiyu kushika namba 1 kwenye chati ya wiki ya Oricon, mwisho wa mwaka ule ule akaitwa Kohaku, lile tamasha la televisheni ya NHK la usiku wa kuamkia mwaka mpya ambalo Japani nzima inakaa nalo, akaitwa miaka sita mfululizo, na Disemba 2011 akaimba Tokyo Dome. Hinata huyo!

Mimi nikiwa jikoni nikiweka nyimbo zake mama yangu anauliza huyu anamlilia nani. Hajui neno hata moja la Kijapani.

fundi_redio

Nimerudi, na nimekuja na heshima maana nimeona nilichemka kule juu.

Ila mi naona nyote mnahesabu vyeti vya kuzaliwa wakati sauti haina cheti. Msee katoa mfano wa Death Note, twende nao. Light na L kwenye hadithi wote ni vijana, wanakaa chuo kimoja wanacheza tenisi. Kwenye katuni ya 2006 Light ni Miyano Mamoru wa 1983, L ni Yamaguchi Kappei wa 1965. Wamepishana miaka 18! Huyo Yamaguchi ni Usopp wa One Piece, ni Inuyasha, yaani ni baba wa mtu anaongea kama kijana na hakuna aliyeshtuka. Filamu ya watu ya mwaka huo huo ndo wakachukua wa umri wa karibu karibu, Fujiwara Tatsuya wa 1982 na Matsuyama Kenichi wa 1985.

Na Luffy wa One Piece je? Kijana wa miaka 17 na sauti yake tangu 1999 ni Tanaka Mayumi, mama wa 1955. Goku wa Dragon Ball tangu 1986 ni Nozawa Masako wa 1936, bibi kabisa huyo, na Gohan ni yeye, Goten ni yeye, wakiongea baba na watoto wote watatu pale ni bibi mmoja anajijibu. Hapo ndo tunarudi kwa DJ Afro haha.

Sasa hao mnawaweka darasa gani?

msee_wa_likoni

Nozawa hana darasa, ni hedimasta.

@bintimkunazini sawa nimekusikia kuhusu yule mhandisi, bado sikubali. Kamiki namwacha juu yeye amekua ndani ya ile studio, Spirited Away miaka 8, Howl alikuwa yule mtoto mwanafunzi anayejivika ndevu za bandia. Huyo si mgeni, huyo ni mtoto wa nyumbani.

mswahili_wa_chiba

Dada wa Mkunazini umehesabu sawa, hata sina cha kusahihisha. Niongeze tu kwamba Sugita Tomokazu, yule Gintoki wa Gintama, ni wa Oktoba 1980, kwa hiyo kwa darasa yuko chini ya Nakamura, na wale wawili ni marafiki wa chanda na pete, kila mahali wanatajwa pamoja. Gakunen ni ya kuanzia tu, watu wakizoeana heshima inalegea yenyewe.

Sasa rufaa ya mkuu wa Pasiansi. Hapo umegusa penyewe maana kwenye sanaa za huku kuna vipimo viwili na vinagongana. Kuna darasa la shule, na kuna mwaka ulioanza kazi. Wachekeshaji wao hawana masihara, aliyetangulia jukwaani ni senpai hata kama ni mdogo kwako miaka kumi. Takarazuka, lile jumba la maigizo la wanawake watupu kule Hyogo, wanaingia chuo chao wakiwa na miaka 15 hadi 18, wa 15 na wa 18 wakiingia pamoja wanahesabiwa wenza na inabaki hivyo hivyo mpaka wanastaafu. Mi nikalifananisha na marika ya Wamasai, hawaulizi ulizaliwa lini, wanauliza uliingia jando na akina nani.

Waimbaji nao hivyo hivyo. Kuna kundi la mabinti walioanza kuimba 1982 wanaitwa darasa la maua la 82, Nakamori Akina, Koizumi Kyoko, Hori Chiemi, Hayami Yu, Ishikawa Hidemi, na Matsumoto Iyo wamemwingiza humo ingawa singo yake ya kwanza ilitoka Oktoba 1981. Hao hata wakikutana leo wanajiita wa 82, siyo wa mwaka waliozaliwa. Koizumi huyo huyo 2013 akaja kuwa mama kwenye Amachan, tamthilia ya asubuhi ya NHK, binti yake akiwa Nonen Rena, sa hivi anajiita Non, na huyo mama enzi za ujana wake akachezwa na Arimura. Non ni wa Julai 1993, Arimura wa Februari 1993. Yaani kwenye tamthilia ni mama na mwana, kwa darasa ni senpai na mdogo wake, kwa cheti wamepishana miezi mitano. Non ndiye sauti ya Suzu kwenye In This Corner of the World ya 2016, ile ya Hiroshima na Kure, na msee hata wewe ukiisikiliza hutamlinganisha na bili ya stima.

Kwa hiyo kwa kipimo cha kazi, ndiyo, Kamiki kamtangulia Suda mbali sana. Lakini swali la dau ulivyoliandika mwenyewe ni "rika moja au siyo". Kwa darasa siyo, kwa kazi siyo. Umepigwa kotekote mkuu.

Ila nikupe kifuta machozi. Mkitaka kuona rika lenyewe hasa, tafuteni Tantei Gakuen Q, tamthilia ya 2007 ya watoto wapelelezi. Watatu wakubwa wa pale ni Yamada Ryosuke, 9/5/1993, Shida Mirai, 10/5/1993, na Kamiki, 19/5/1993. Siku kumi wote watatu wameshazaliwa! Wana miaka 14, meno hayajakaa sawa. Wakaenda Horikoshi wote, shule ile ile aliyosoma Mizuki, ina mkondo wa wanafunzi wasanii, watu wanatoka darasani wanaenda kurekodi. Halafu 2010 Ghibli ikatoa Arrietty, yule binti wa urefu wa kidole anayeishi chini ya sakafu ni Shida, na yule mvulana mgonjwa wa moyo anayesubiri operesheni ni Kamiki.

Sikilizeni ile sehemu wanaongea mara ya kwanza usiku, yeye yuko kitandani kwenye mwanga, binti kajificha nyuma ya karatasi ya tishu, kivuli tu kinaonekana, na mvulana anaongea polepole asimtishe. Na Kamiki mwenyewe alizaliwa mgonjwa hoi, mama yake alimpeleka kwenye kikundi cha watoto waigizaji ili abaki na kumbukumbu yake, maana hakujua kama atapona. Mi nilipolijua hilo ile sauti ya yule mvulana sikuisikia tena kama kwanza.

bintimkunazini

Umeniliza asubuhi yote hii.

Lakini hakuna aliyemgusa yule mwimbaji Ado na aliyeuliza aliuliza na waimbaji. One Piece Film Red ya 2022, yule Uta akiongea ni Nazuka Kaori, seiyu wa 1985, akianza kuimba ni Ado, wa Oktoba 2002. Mhusika mmoja, watu wawili, miaka 17 katikati, na pale anapovuta pumzi kabla ya wimbo hujui kamaliza yupi kaanza yupi. Daftari la mdogo wako huyo litamwandika wapi?

mtoto_wa_pasiansi

Kaambiwa hilo swali, kakaa kimya dakika nzima kisha kachora mstari katikati ya ukurasa, Uta kamwandika mara mbili, na katikati kaweka alama ya kuuliza. Sasa anataka daftari jipya.

Wakuu kuku kaliwa jana usiku. Nimelipa, na kioo cha simu nimelipa nusu. Arrietty tumeiangalia wakati tunakula na ilipofika hiyo sehemu ya karatasi ya tishu kaniambia zima taa, tukasikiliza gizani, kuku yuko mkononi anapoa hakuna anayetafuna.

Tatizo jipya sasa ni hili. Huyu mdogo wangu kazaliwa tarehe 30 mwezi wa tatu, na rafiki yake kipenzi, wa darasa moja hapa hapa Mwanza, ni wa tarehe 5 mwezi wa nne mwaka huo huo. Leo asubuhi yule rafiki kaja kumpitia waende kanisani, huyu kasimama mlangoni kakunja mikono, anamwambia kuanzia leo mimi ni senpai wako, nibebee mkoba. Rafiki kamuuliza senpai ndo nini. Wameondoka wanabishana mpaka kona ya duka, daftari kwapani, na mimi huku nimeachiwa shingo na miguu ya kuku kwenye sufuria.